Chombo Kisihamishwe

Jumatatu, 3 Machi
Mvua: hakuna.

Daftari la mvua halipokei maneno. Ni sheria ya Baba, aliiandika mwenyewe kwenye jalada la daftari la kwanza, miaka arobaini na moja iliyopita: Kusoma ni saa tatu asubuhi. Chombo kisihamishwe. Tarakimu tu, maneno hapana. Mimi msimu huu nina maneno mengi, kwa hiyo nimenunua daftari jingine, na nitaliweka kabatini nyuma ya sahani, maana Baba akiliona atauliza porojo na mvua zimejuana lini.

Sababu ya maneno ni hii. Leo mhandisi wa mradi wa sola ametuletea ripoti yao. Ukurasa wa thelathini na mbili una jedwali la mvua la miaka kumi, na chini yake wameandika kwamba takwimu zimetoka kwenye kipimamvua cha familia yetu. Nilimsomea Baba. Akasema nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu alikuwa ameshaikariri, ila akajifanya hakusikia vizuri.

Juu ya mtaa wetu, kwenye mteremko uliokuwa wa nyasi na mbuzi, kampuni inasimika paneli elfu nne. Chini ya mtaa ipo zahanati ambako mdogo wangu ni mkunga. Maji yote ya mteremko yatapita kwenye mtaro mmoja wa saruji nyuma ya zahanati, na upana wa mtaro huo umepigiwa hesabu kutoka kwenye madaftari yetu. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mitatu, sijawahi kuona jibu langu likimiminiwa saruji. Nilitembea hadi dukani bila haja ya kununua kitu, ili watu wanisalimie.

Jumamosi, 8 Machi
Mvua: hakuna.

Mkutano wa mtaa kuhusu sola. Mmoja alisema paneli zinafukuza mvua. Nikasimama, nikamwambia mvua zetu zimekuwa zikipungua miaka kumi na moja sasa, kabla paneli hata moja haijafika, na daftari ninalo. Akakaa. Wengine waliuliza ya maana: betri zitawekwa wapi, na zikishika moto nani atazima? Mhandisi akaeleza kwamba banda la betri litakuwa upande wa pili wa mteremko, mbali na nyumba, lina mchanga na mlango wa dharura. Huyu mhandisi kila jibu lake linaisha na "asilimia mia moja", kwa hiyo nyumbani tunamwita Asilimia Mia.

Halafu akasimama Msumari, fundi seremala, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. "Mmekwangua nyasi zote huko juu," alisema. "Mvua ikija, maji hayana pa kushika. Zahanati si itakuwa kisima?"

Asilimia Mia akafungua ukurasa wangu. Alisema katika miaka kumi siku iliyonyesha kuliko zote ilifika milimita hamsini na nane, na mtaro utabeba hizo na ziada. "Takwimu hizi ni za Mwalimu hapa. Tunaziamini asilimia mia moja."

Watu wote wakageuka kunitazama. Nilirekebisha mtandio ambao haukuwa na kasoro yoyote.

Ijumaa, 14 Machi
Mvua: 6. Imefungua msimu kwa adabu.

Jumanne, 18 Machi
Mvua: 11. Asilimia Mia amepita kuuliza. Nilimjibu nikiwa bado na gilasi ya kupimia mkononi, aone kazi inavyofanywa.

Jumamosi, 22 Machi
Mvua: 24.

Jana alasiri ilinyesha kwa saa moja na nusu hivi. Mtaro ulijaa hadi mdomoni, ukamwaga kwenye kona nyuma ya zahanati. Kabla sijanywa chai Msumari alikuwa mlangoni, kashika kopo la rangi kwa mikono miwili.

"Mwalimu, kopo hili lilikuwa tupu uani kwangu. Tazama, limenyooka juu mpaka chini. Nimeingiza rula. Thelathini na saba. Wewe umeandika ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Sasa hapo inakuwaje?"

"Inakuwa kwamba kopo lako lilikuwa na maji ya jana yake."

"Nililigeuza mwenyewe."

"Basi rula yako imekatwa kichwa. Wewe kapime mbao, ndugu yangu. Mvua niachie mimi."

Akaondoka kwa heshima zote, na kopo lake. Mtu anapima mvua na kopo la rangi, halafu ananiuliza mimi inakuwaje. Baba alicheka aliposikia, akasema kila msimu huzaa mpimaji wake.

Jumapili, 23 Machi
Mvua: hakuna. Bado nimekasirika.

Alhamisi, 27 Machi
Mvua: 9.

Mdogo wangu amekuja kula mchana. Alivua viatu akaviweka juani, vimelowa maji. Siku ile ya Ijumaa maji yalifika ngazi ya pili ya wodi ya wazazi, na ngazi ziko tatu. Hakuja kulalamika. Anaungojea umeme wa sola kuliko mtu yeyote hapa, amechoka kuzalisha watu kwa mwanga wa simu. Aliniuliza tu, huku anamenya chungwa:

"Dada, kama ishirini na nne imepanda ngazi mbili, hiyo hamsini na nane yako itapanda ngapi?"

Nikasema mtaro ule una hesabu zake. Akasema sawa. Sikulimaliza chungwa langu.

Jumamosi, 29 Machi
Mvua: hakuna.

Nimemwomba Msumari makopo manne ya rangi yanayolingana. Akauliza ya nini. Nikasema ya kuwekea unga. Alinitazama kwa jicho la pembeni, kisha akayasugua mwenyewe mpaka yakang'aa.

Moja nimeliweka uwanja wa zahanati, la pili uwanja wa shule, la tatu uani kwa Msumari, ambaye sasa anajua wazi kwamba unga haukai nje. La nne nimeliweka kando ya chombo chetu, karibu kugusana. Ikiwa chombo kimetoboka au gilasi imekosea, kopo la nne litakisuta. Nataka kumfunga Msumari mdomo kisayansi.

Jumatano, 2 Aprili
Mvua: 18.

Zahanati 28. Shule 27. Uani kwa Msumari 28. Kopo lililo kando ya chombo: 18.

Nilipima tena. Nikaipa rula nyingine kazi hiyo hiyo. Kumi na nane.

Nikakaa kwenye kizingiti. Chombo ni kizima, gilasi ni nzima. Ila mahali kiliposimama, mvua haifiki yote. Na mbele yangu ulikuwepo ukuta, ule ule ninaouona kila asubuhi saa tatu, wa chumba cha Baba. Tulikijenga miaka kumi na moja iliyopita magoti yake yalipokataa ngazi za nyumba kubwa. Msumari ndiye aliyekiezeka. Ukuta uko hatua nne kutoka kwenye chombo, na mvua za msimu huu huja zimeinama kutoka upande huo huo.

Naikumbuka siku ya msingi. Nilimuuliza: "Baba, ukuta utakuwa karibu, tukisogeze chombo?" Hakuinua hata macho. "Chombo kisihamishwe." Aliogopa kwamba kikihamishwa, miaka ya nyuma na miaka ya mbele haitasomeka pamoja. Nikakubali, na tena kwa fahari, kwamba mimi ni mtoto anayetunza sheria. Kitabu cha maelekezo tulichopewa na watu wa hali ya hewa kinasema chombo kikae mbali na ukuta, angalau mara mbili ya kimo cha ukuta huo. Kitabu hicho kipo kabatini humu humu. Sikukifungua.

Miaka kumi na moja nimesimama mikutanoni nikiwaambia watu mvua zetu zinapungua. Mvua haikupungua. Ilikuwa inanipita.

Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha. Hamsini na nane yangu ilikuwa tisini. Mtaro umejengwa kwa ajili ya hamsini na nane na ziada kidogo. Na mvua kubwa ya msimu huja mwishoni mwa mwezi huu.

Alhamisi, 3 Aprili
Mvua: 2.

Nimemwambia Baba. Nilimsomea tarakimu bila maelezo, kama tulivyofundishana. Akaweka kikombe chini.

"Kopo la nne lilisoma ngapi?"

"Kumi na nane."

"Sawasawa na chombo?"

"Sawasawa."

Akageukia ukutani. Chai yake ilipoa, nikaitoa.

Ijumaa, 4 Aprili
Mvua: hakuna. Baba hajasema neno.

Jumapili, 6 Aprili
Mvua: 13. Kopo la zahanati: 20.

Msumari amekuja bila kopo. Jana nilimwonyesha tarakimu zote nne; nilidhani leo atanicheka, nikawa nimeandaa uso. Alikaa kwenye stuli akazungusha kofia yake.

"Mwalimu, nimewaza. Usiseme kitu."

"Kwa nini nisiseme?"

"Kampuni ndiyo iliyochimba mtaro mdogo. Maji yakimwagika, lawama ni yao, watapanua wenyewe. Ukisema, watu watajua kosa limetoka kwenu. Na mzee hapo ndani, umri ule. Madaftari ndiyo maisha yake."

Nitaandika ukweli, kwa kuwa daftari hili linapokea maneno: nilitamani sana kumsikiliza. Tangu Jumatano ninapita dukani nikiinamisha kichwa, na huko hakuna anayejua lolote bado. Nikamuuliza yakishamwagika, nani atakuwa wodini siku hiyo. Akaacha kuzungusha kofia. Mke wa mwanawe yuko mwezi wa nane.

"Basi nitakusindikiza," alisema. "Chumba chenyewe si nilikiezeka mimi?"

Jumatatu, 7 Aprili
Mvua: 5.

Ofisi ya Asilimia Mia ni kontena lenye feni moja. Nilimwekea mezani makopo na bahasha, nikamweleza. Alicheka kidogo, kwa adabu.

"Mama, mtaro umeshamiminwa. Na takwimu zako tulizikagua, zimenyooka kabisa."

"Zimenyooka kwa sababu zimekosea kila siku kwa namna moja."

Akachukua kalamu. Akazidisha, akagawanya, akarudia. Mara ya pili alivua miwani.

"Mkubwa wangu hatabomoa saruji kwa sababu ya makopo ya rangi," alisema.

"Weka yako, basi. Ya bei unayotaka. Weka popote penye uwazi."

"Na itabidi mwenye takwimu azikane mwenyewe. Kwa maandishi, na mbele ya watu. Uko tayari?"

Nilisema niko tayari, kwa sauti iliyotoka ndogo kuliko nilivyopanga. Njiani Msumari alinibebea makopo yote manne, na hakufanya mzaha hata mmoja. Hilo lilinitisha kuliko mengine yote.

Ijumaa, 11 Aprili
Mvua: 20. Kipimo kipya cha mhandisi: 31. Amenipigia simu asubuhi. Hakutaja asilimia yoyote.

Jumamosi, 12 Aprili
Mvua: hakuna.

Darasa lilikuwa lile lile nililofundishia, na watu wengi walioketi walikuwa wanafunzi wangu, wamebanana kwenye madawati ya watoto. Mkubwa wa kampuni, mama mmoja mwenye buti za matope, alikaa pembeni. Baba alikuja. Sikumwomba. Alitoka chumbani kavaa koti, akasema twende, akakaa mstari wa mbele na fimbo yake katikati ya magoti.

Nilichora ubaoni nyumba, ukuta, chombo, na mistari ya mvua iliyoinama. Nikaandika 18 na 28. Nikasema: "Tarakimu nilizowapa hawa watu ni pungufu. Mtaro umejengwa juu ya kosa. Tarehe nane mwezi uliopita mliniuliza mkaniamini. Leo naomba mniamini tena, kwamba nilikosea."

Mmoja nyuma, ambaye hesabu haikuwahi kumpenda, akasema, "Kumbe hata Mwalimu." Wakacheka, nami nikacheka, ila machozi yalikuwa karibu.

Mwenyekiti wa mtaa akaona amepata nafasi ya kufukuza mradi. "Mmesikia. Hapa si salama, waondoke." Mdogo wangu akasimama na sare yake ya kazi. "Wakiondoka, nyasi zitarudi mwezi huu? Mteremko umeshakuwa uchi. Mimi nataka taa, na nataka ngazi zangu zikauke. Yote mawili."

Mkubwa wa kampuni ndiye aliyeuliza lile swali nililoliogopa. "Ukuta ulipojengwa, kwa nini chombo hakikuhamishwa?"

Sikumtazama Baba. Nilihisi fimbo yake ikisogea sakafuni.

"Mpimaji ni mimi," nikasema. "Sikukihamisha."

Yule mama aliniangalia kidogo, akaandika. Kisha akasema vipimo vyao vya wiki hii vinakubaliana na hesabu yangu mpya. Mtaro utapanuliwa na kingo zitainuliwa, kazi ianze Jumatatu. Tukaongeza na yetu: nyasi zirudishwe kati ya mistari ya paneli, na bwawa la kupokezea maji lichimbwe juu, maji yafike kwetu yametulia. Akasema nyasi anahitaji watu wa kupanda. Mikono ikainuliwa mpaka nikaacha kuhesabu.

Kurudi nyumbani Baba alitembea mbele yangu, taratibu, bila kunishika mkono.

Jumanne, 15 Aprili
Mvua: 7. Wanavunja ukingo wa zamani. Kila nyundo naisikia kifuani.

Ijumaa, 18 Aprili
Mvua: 10. Kupanda nyasi. Msumari anapanda kwa kufuata uzi na kunikaripia mistari yangu ikipinda.

Jumatano, 23 Aprili
Mvua: 16. Bwawa limekamilika. Kona ya mtaro bado. Mbingu hazipendezi. Baba anakula, haongei.

Jumamosi, 26 Aprili
Mvua: 3. Kona imemiminwa asubuhi. Asilimia Mia ameifunika kwa turubai na mikono yake mwenyewe, akaketi kando yake akailinda kama mgonjwa.

Jumanne, 29 Aprili
Mvua: 61. Kipimo cha mhandisi, mahali peupe: 95.

Ilianza jana saa sita mchana na kwa saa mbili hapakuwa na nyumba ya jirani, palikuwa na maji tu yanayoshuka. Nilivaa koti la mvua nikaenda zahanati. Baba alikuwa amesimama dirishani kwake. Aliinua fimbo kidogo, sikujua kama ananizuia au ananituma.

Wodini walikuwemo wazazi wanne. Mmoja alikuwa mke wa mwana wa Msumari, uchungu umemwanza asubuhi hiyo. Mdogo wangu hakuwa na nafasi ya kuogopa. "Dada, simama nyuma uangalie maji. Yakipanda ukingoni nipigie kelele, tutawabeba. Yasipopanda usinisumbue."

Nyuma nilimkuta Msumari, rangi imemtoka, na Asilimia Mia ana rula ndefu ya mbao aliyoipigilia kwenye ukuta wa mtaro. Maji yalikuwa mekundu na yalikwenda kwa kasi iliyonifanya nishike nguzo. Kila dakika tano mhandisi alisoma kwa sauti, nami nikaandika kwenye kiganja kwa kalamu ya wino. Zimebaki sentimita hamsini. Thelathini na nane. Ishirini na sita. Ukingo wa zamani, ule wa hamsini na nane yangu, ulikuwa na alama yake bado kwenye saruji. Nilitazama maji yakiufikia, yakiufunika, yakiuacha chini. Pale pale, saa nane na robo, ningekuwa nimeiingiza mvua wodini.

Ishirini na moja. Kumi na tisa. Kumi na tisa tena. Tukatazamana. Kumi na tisa mara ya tatu. Ishirini na mbili.

"Inashuka," alisema Asilimia Mia. Msumari aliketi kwenye tope lenyewe.

Saa tisa mdogo wangu alifungua dirisha la nyuma. "Msumari, una mjukuu wa kike. Na ngazi zangu ni kavu."

Niliangalia ile saruji iliyoshika maji na nikajivuna kuliko siku ya ukurasa wa thelathini na mbili. Siku ile nilijivunia kuandikwa.

Jumatano, 30 Aprili
Mvua: 12.

Saa tatu nilipotoka na gilasi, Baba alikuwa uani tayari, na Msumari ana jembe.

"Chombo kinahama," alisema Baba. Ukiacha lile "twende", yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu tarehe tatu. Alitutangulia hadi uwanja wa mbele, akapima kwa miguu yake kutoka kila ukuta, magoti yakilalamika, mpaka akafika mahali akagonga fimbo. "Hapa." Msumari alichimba. Baba alikishika chombo mwenyewe kikasimama wima.

Kisha akaomba daftari la mvua la miaka kumi na moja iliyopita, na kalamu nyekundu. Nilidhani anataka kukagua. Akarudi navyo chumbani kwake. Nilipoingia kuchukua kikombe alikuwa amelala kitini, daftari wazi mapajani, kwenye mwezi tuliojenga chumba. Katikati ya safu za tarakimu, kwa mwandiko wake na wino mwekundu, palikuwa na maneno:

"Kuanzia siku hii ukuta ulizuia mvua. Mpimaji aliniuliza kama chombo kihamishwe. Mimi nilisema hapana. Hakuwaambia watu. Nawaambia mimi."

Ameweka sahihi yake, na tarehe ya leo.

Alhamisi, 1 Mei
Mvua: 4.

Nimesoma saa tatu kamili, mahali peupe. Baba alisimama nyuma yangu akaniuliza ngapi, nikamwambia. Akasema niandike.